Mizinga Yangu ya Kigiriki

Watu wa Tabora wananijua. Shuka stendi, uliza nyumba ya mwenye asali pale Cheyo, bodaboda wa kwanza atakuleta mpaka mlangoni, na wa pili atagombana naye kwamba anakupitisha njia ndefu. Nilianza na baiskeli moja isiyo na breki, nikitoa asali Sikonge kwa madumu, nikitaka kusimama naburuza kandambili chini. Leo nina malori mawili, ghala lenye sakafu ya vigae na suti tatu. Sisemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu nikimwachia mwingine ayaseme, atapunguza lori moja.

Kitu kimoja tu ndicho kilichonishinda maishani: Kiingereza. Shule niliishia darasa la tano, mwaka ambao baba yangu aliniambia nichague kati ya daftari na mzinga, nami nikaangalia kipi kina chakula ndani. Kiswahili nakisoma na kukiandika vizuri tu, kama unavyoona. Kiingereza ndicho kilinikimbia. Siku binti yangu mkubwa alipohitimu chuo kikuu Dar es Salaam, nilikutana na wahadhiri wake nje ya ukumbi, nikaona si vizuri mzazi wa msomi kuanza na Kiswahili. Nikaanza na Kiingereza. Nilikuwa nacho kidogo, kikaniishia katikati ya sentensi, nikabaki nimenyoosha mkono hewani kama mtu anayesimamisha basi. Wale wahadhiri walikuwa waungwana, wakasubiri. Binti yangu akainamisha kichwa, akawa anaangalia viatu vyake. Viatu vile nilivinunua mimi, navijua, havikuwa na kitu cha kuangaliwa kwa muda mrefu namna ile.

Kile kichwa kilichoinama sikukisahau. Nimeumwa na nyuki kila mahali panapoumwa, lakini pale ndipo palipouma.

Basi mwaka huu akapata mchumba. Kijana mzuri, wa pwani, Mzaramo. Baba yake ni mwalimu mkuu mstaafu wa sekondari, mtu ambaye, kwa nilivyoambiwa, hata kuku akiingia sebuleni anamfukuza kwa Kiingereza. Wakakubali kuja Tabora kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi, ukoo mzima, na binti yangu, ambaye siku hizi anafundisha Kiingereza sekondari hapa hapa mjini, akanifuata barazani jioni moja, akakaa kwenye kigoda kama mtu anayeleta habari ya msiba.

"Baba, siku ile utazungumza Kiswahili tu, eti?"

"Kwani nani kasema lugha nyingine?"

"Hakuna aliyesema. Dakika tano, Kiswahili, halafu unakaa."

"Sawa, mama," nikamwambia. Moyoni nilikuwa nimeshakataa. Nilitaka jambo moja tu siku ile: baba yake akiwa amesimama anaongea mbele ya wale watu, yeye akae meza kuu kichwa juu. Na kichwa chake, kwa hesabu zangu, kingeinuliwa na Kiingereza kile kile kilichokiinamisha.

Njia niliipata kwenye meza ya chakula. Binti yangu alikuwa na kazi ya kuwaandalia wanafunzi wake karatasi za manila, kila moja na neno moja kubwa la rangi. Nikamuuliza haya ni nini. Akasema ni maneno ya Kiingereza, lakini mizizi yake iko kwa Wagiriki wa kale, kwenye miji yao, vita vyao na mila zao.

"Wagiriki?" nikasema. "Baba yangu alimfanyia kazi Mgiriki mmoja mwenye shamba la tumbaku upande wa Urambo. Alisema neno lake lilikuwa moja tu: haraka."

"Hawa ni wa zamani zaidi, Baba."

"Basi wao ndio walikuwa hawajachelewa."

Akacheka. Nikamwambia anifundishe, hivi hivi, kwa kupoteza muda. Akaniangalia vizuri kuona kama kuna kitu nyuma yake, nami nikaweka uso ninaouweka mbele ya wanunuzi wa nta. Akakubali. Kila jioni barazani, neno moja, baada ya mimi kutoka ghalani na yeye kutoka shuleni.

Nawaambieni, wale watu walikuwa watu. Neno la kwanza lilikuwa "symposium". Siku hizi ni mkutano wa wasomi, lakini kwa Wagiriki ilikuwa wanaume wamejilaza kwenye makochi, wanakunywa mvinyo na kujadili mambo makubwa ya dunia. Nikamwambia binti yangu, hicho ni kilabu cha wanzuki, pombe yetu ya asali, kimekosa makochi tu. Jioni ya pili, "spartan": watu wa mji mmoja waliokataa starehe, wakilala juu ya matete na kunywa supu nyeusi. Nikasema hayo ndiyo maisha yangu yote kabla ya lori la kwanza. Ya tatu, "laconic", mtu wa maneno machache. Ni watu wa upande ule ule. Mfalme mmoja aliwatishia kwamba akiingia nchini mwao atawafyeka wote, wakamjibu neno moja tu: ukiingia. Neno moja! Mimi ningemjibu siku tatu. Ya nne, "draconian", sheria kali kupita kiasi, kwa sababu mtunga sheria wao mmoja alimpa adhabu ya kifo muuaji na mwizi wa kabichi vile vile. Ya tano, "ostracize", kumtenga mtu. Walikuwa wakikwaruza jina lake kwenye vigae vya vyungu vilivyovunjika, na akipata vigae vingi anahama mji miaka kumi. Nikasema chama chetu cha wafuga nyuki kingeshika mtindo huo, Tabora nzima isingebaki na chungu cha kupikia.

Ya sita tukagombana. "Marathon". Anasema kuna mtu alikimbia kilomita kama arobaini kupeleka habari za ushindi, akafika, akasema tumeshinda, akaanguka akafa.

"Akafa? Kwa kilomita arobaini?"

"Ndivyo wanavyosimulia, Baba."

"Babu wa baba yangu alitoka hapa hapa na meno mawili ya tembo begani mpaka Bagamoyo. Akafika, akatua, akaoga, akala, akarudi na majora ya nguo. Hakuna neno lake huko kwenye manila yako?"

"Hakuna."

"Basi hao Waingereza walikuwa na haraka ya kuandika."

Ya saba nitaieleza mahali pake.

Sasa, kuelewa nilielewa. Tatizo lilikuwa kuyatunza. Maneno ya Kiingereza nikiyaandika hayakai. Herufi zinasema hivi, mdomo unatakiwa useme vile. Hapo ndipo nikatumia akili ambayo haifundishwi darasani. Sisi wafuga nyuki wa Sikonge kila mtu ana alama yake, anaichonga kwenye mzinga kabla ya kuupandisha mtini. Ukiona alama ya mwenzako unapita, huligusi gogo lile hata kama asali inadondoka. Msitu mzima tunausoma hivyo. Kwenye njia yangu ya zamani, ile niliyoanza nayo, bado nina mizinga saba. Nikaipa kila mmoja neno lake na alama yake mpya chini ya ile ya ukoo.

Ule wa kwanza, karibu na kijito, ambao nyuki wake wanaunguruma mchana kutwa kama wanabishana, ni symposium. Nikauchonga duara, mdomo wa chungu cha pombe. Ule uliochakaa, hauna mfuniko wala majani ya kuukinga, na bado unatoa asali kila msimu, spartan, mstari mmoja. Ule wa kimya, husikii kitu mpaka mmoja anatoka anakudunga mara moja anarudi ndani, laconic, nukta. Wale wakali wanaokuadhibu hata kwa kupiga chafya, draconian, meno ya msumeno. Ule ambao madume wanasukumwa nje kila kiangazi wakafie chini, ostracize, duara lililovunjika. Wa mbali kabisa, unaufikia shati limelowa, marathon, nyayo mbili. Nikawa napita njia ile kila wiki, nasimama chini ya kila mti, natamka kwa sauti. Nyuki wangu ndio nyuki pekee wilaya nzima waliosomeshwa Kiingereza.

Hotuba nikaiandaa kwenye karatasi kwa zile alama. Hakuna herufi hata moja. Duara, mstari, nukta, meno, duara bovu, nyayo. Kwangu ilikuwa inasomeka kama gazeti.

Siku ikafika. Ukumbi umepambwa, meza kuu inang'aa, binti yangu amevaa kijani, kichwani amewekewa maua, uzuri ule sina haja ya kusema ameutoa wapi. Mimi suti ya tatu, ile ya bluu. Na hapa nikiri kosa langu. Karatasi niliiweka mfuko wa juu wa koti, nikaacha pembe yake itokeze nje makusudi kabisa, watu waone kwamba mzee leo ana hotuba iliyoandikwa.

Nilisahau ninakaribisha Wazaramo.

Kwa asiyejua: Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wanateremka pwani na mizigo na babu zao wakiwapokea. Mtani anaweza kukuchukulia kofia, kiatu, hata sahani unayolia, akakutukana mbele ya wakwe, na huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika umeshindwa. Na chochote atakachokuuliza mbele ya watu, utamjibu.

Shangazi wa bwana harusi alikuwa mwanamke mfupi, mpana, kanga kiunoni, sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Mshereheshaji alipoita tu, "Baba mzazi!", nikasimama, nikavuta pumzi, na yule mama akapita mbele yangu kama anaenda chooni. Nikapeleka mkono mfukoni. Hamna kitu. Yeye ameshafika kwenye kipaza sauti cha pili.

"Jamani! Huyu Mnyamwezi ametuandikia barua! Mniruhusu nimsomee, maana namwona macho yameanza kumsumbua."

Ukumbi ukashangilia. Akaikunjua. Akaigeuza. Akaigeuza tena. Akaiinua kwenye taa.

"Mbona sioni herufi? Naona duara. Naona nukta. Naona meno ya mamba." Akamgeukia mpwa wake. "Mwanangu, uliambiwa unakuja kuoa au unakuja kuaguliwa? Hii hotuba au dawa?"

Watu walicheka mpaka viti vikahama. Mwalimu mkuu mstaafu hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa, akaniangalia kama mtu anayesahihisha. Nami nikaangalia meza kuu. Binti yangu alikuwa ameinamisha kichwa. Sikuona uso, niliona maua tu. Mke wangu, aliyekaa nyuma yangu, akanivuta koti.

"Mwombe akurudishie, useme Kiswahili, ukae," akaninong'oneza.

Lilikuwa shauri zuri. Lakini mtani alikuwa ameshauliza, na watu wote wanasubiri.

"Mtani," nikasema, "hiyo ni hotuba. Mimi nimeishia darasa la tano."

Nilikuwa sijawahi kulisema hilo kwenye kipaza sauti.

"Kwa hiyo siandiki kama nyinyi. Naandika kama msituni. Uliza alama yoyote."

Akapata mchezo. Hakuanzia mwanzo nilikopanga, alichomeka kidole popote. "Haya, hii yenye meno."

"Hiyo inasema draconian. Ni mzinga wangu wa nne, wakali hao. Ni neno la Kiingereza kutoka kwa Wagiriki. Walikuwa na sheria, muuaji anakufa, na mwizi wa kabichi anakufa."

"Na mwizi wa karatasi?"

"Mwizi wa karatasi kwetu tunamwozesha binti, akahangaike naye."

Nilisikia makofi ya kwanza, upande wa kwetu. Akaguna, akachomeka kidole kingine. "Na hizi nyayo? Umekanyaga hapa mwenyewe?"

"Marathon. Mgiriki mmoja alikimbia kilomita arobaini akafa. Babu yangu alikuja kwenu kwa miguu mwendo wa miezi, na mzigo, na hakufa."

"Alikuja, ndiyo! Tukampa nazi, akaiatamia wiki nzima akingoja itotoe!"

"Na nyinyi mlipomwona na pembe mbili za ndovu mkajificha mikokoni, mkidhani ni meno yake!"

Hapo hata wahudumu waliweka trei chini. Nukta? Laconic. Nikawasimulia yule mfalme na jibu la neno moja, na yule mama akasema, "Ungejibu wewe, tungekuwa bado tunasikiliza." Mstari? Nikasema binti yangu amelelewa spartan, baba yake akilala juu ya magunia ili yeye alale kitandani shuleni. Duara zima? Hii tuliyo nayo hapa, symposium, isipokuwa tumekaa wima. Duara bovu? Nikawaeleza vigae, miaka kumi, nikawaambia wakwe kwamba huko pwani wakitaka kumkwaruza mwanangu kwenye kigae, wajue mimi nina malori mawili na njia naijua.

Mwalimu mkuu mstaafu akainua mkono, kama mwanafunzi.

"Maneno haya," akasema, Kiswahili safi kabisa, "umeyasomea wapi, mzee mwenzangu?"

Kabla sijajibu, shangazi akadakia. "Subirini, imebaki moja! Hapa pembeni kabisa, ndogo. Nguzo mbili na paa. Hii umeificha, we Mnyamwezi."

Ile ya saba. Nilisema nitaieleza mahali pake, na mahali pake ni hapa, ingawa mimi sikutaka pawe hapa. Ni mzinga ulioungua ubavu mzima kwenye moto wa msitu, nyuki wakarudi, wakaziba kwa nta, wakaendelea. Neno lake ni "stoic": mtu asiyeyumbishwa na raha wala uchungu. Sikuliweka kwenye hotuba. Nililichora pembeni kwa ajili yangu, linikumbushe nisilie siku ya kumtoa mwanangu.

"Stoic," nikasema. "Hiyo... hiyo si ya kusomwa. Hiyo ni ya..."

Kikaisha. Safari hii hakikuisha Kiingereza, kilichoisha ni Kiswahili. Nikabaki na mkono hewani, kama ile siku ya chuo kikuu. Shangazi akanitazama, akaishusha ile karatasi. Hata watani wana mpaka wao.

Nikasikia kiti kinavutwa meza kuu. Binti yangu alikuwa amesimama. Hakungoja kipaza sauti, ana sauti ya mwalimu.

"Baba mkwe umeuliza ameyasomea wapi," akasema. "Neno hilo la mwisho linatokana na baraza. Kulikuwa na mwalimu wa Kigiriki hakuwa na shule, akawa anafundisha watu barazani, kwenye nguzo, ndipo wakaitwa hivyo, watu wa barazani. Baba yangu ameyasomea barazani kwetu, Cheyo. Mwalimu wake ni mimi, na mimi mwenyewe sikujua anayapeleka mpaka Sikonge kuyafundisha nyuki."

Halafu akanigeukia. "Na huo mzinga wa saba, Baba, umefeli. Unalia."

Nilikuwa nalia kweli. Akaanza kucheka, kichwa ameinua juu kabisa, maua mawili yakadondoka nyuma ya kiti, na ukumbi wote ukacheka naye, na mimi nikacheka huku nalia, jambo ambalo sijui Wagiriki walikuwa na neno lake.

Karatasi sikuipata tena. Kwa sheria za utani ilikuwa mateka, na yule mama alitaka ndoo moja ya asali kuirudisha. Nilimpa mbili, kwa sababu mimi simpi mtu ndoo moja, akazipokea zote na karatasi akaondoka nayo. Wiki iliyofuata akapiga simu kutoka pwani: "We Mnyamwezi, yale meno ya mamba yalikuwa yanasemaje? Kuna jirani nataka nimwambie." Mwalimu mkuu mstaafu naye, siku moja tu baada ya sherehe, aliomba nimpeleke msituni akaone ile mizinga. Nilimwonya asisimame chini ya wa nne. Alisimama. Alichokisema pale hakikuwa Kiingereza wala Kigiriki, kilikuwa Kizaramo kitupu, na tangu siku ile tunaelewana sana.

Binti yangu ndiye aliyenirekebishia haya maneno ya kigeni humu yakae sawasawa. Amesema pia nipunguze sehemu ya malori. Sikupunguza.

Mpiga picha alituletea picha za siku ile. Ipo moja ambayo ameinama, yanaonekana maua tu. Hiyo nimeiweka kwenye kabati chini ya suti. Na ipo ile nyingine, kichwa juu, mdomo wazi, ua moja liko hewani linaanguka. Hiyo nimeikuza, nikaitia kioo, nikaitundika barazani, pale pale palipokuwa na picha ya lori langu la kwanza. Lori nimelihamishia chumbani.